Chachu Iliyomwagiwa Maji ya Moto

Wamesimulia waliotutangulia katika imani, nami nasimulia vizuri kuwashinda, tulieni tu, kwamba palikuwa na mwokaji mcha Mungu aitwaye Elkana, mwenye mabinti wawili. Yerusha, mkubwa, ndiye aliyekanda mkate wa ibada, na kwa miaka kumi na mitano mkate wake haukukataa kuumuka hata mara moja. Jambo hilo alihakikisha kila mtu analijua, hadi mbuzi wa jirani.

Mdogo wake, Ketura, alikuwa ametoroka na wapiga ngoma. Akarudi baada ya miaka saba, miguu imepasuka. Mzee Elkana alimkumbatia, akalia.

Desturi yao ilikuwa hii: aliyerudi hukanda mkate wa ibada inayofuata, na chachu hupewa na ndugu yake, mkono kwa mkono.

"Mkatie mdogo wako donge la chachu, mama," mzee akamwambia Yerusha.

"Baba, mimi niliyebaki nikikohoa moshi wa tanuru, nani alinililia?"

"Wewe umeshiba humu siku zote. Huyu ana njaa."

Yerusha akakata donge. Lakini huko jikoni alilimwagia maji yanayochemka, chachu ikafa, akalipaka unga lisijulikane. Akajiambia, "Mungu mwenyewe ataonyesha nani ni nani." Mtazameni! Anamsaidia Mola kuhukumu, kwa sufuria!

Ketura alilipokea kwa mikono miwili, amepiga magoti. "Ahsante, dada. Sikutegemea."

Jumapili mkate ukatoka bapa kama ndara. Watu wakacheka. Ketura akapangusa unga viganjani.

"Basi Mungu hajanisamehe," akasema taratibu, akatoka.

Yerusha alikuwa na neno moja tu la kusema. Yeye, bingwa wa maneno, ulimi ukamgandia, mpaka mdogo wake akapotea barabarani.

Jioni akaungama. Mzee hakumkaripia. Alisema tu, "Mfuate."

Amfuate wapi? Tangu hapo kila Jumamosi alifunga donge hai ndani ya kitambaa, akasimama njia panda akiulizia. Likichacha kupita kiasi, alilitupa, akarudi peke yake. Alifanya hivyo hadi uzee ukampinda mgongo. Mkate wake, wanasema, uliendelea kuumuka vizuri ajabu. Yeye hakuuonja tena.

Mwenyezi Mungu aturehemu. Nawe unayemcheka Yerusha, hebu niambie: mdogo wako yuko wapi leo?