Piza ya Bi Mwasiti na Chumba Kimoja

Sogeeni karibu, na mwenye jibu alifiche mdomoni mpaka nimalize, maana nawajua kwa haraka.

Huko Lushoto, kwenye baridi inayomfuata mtu hadi ndani ya blanketi, walikuwapo wanawake watatu waliopanga katika nyumba moja, kila mmoja na chumba chake na upweke wake. Mwajabu mkono wake uliujua unga: akiugusa tu, anajua umepungukiwa nini. Sefrida aliijua misimu, nini kinaiva lini na kwenye shamba la nani. Nambua alikulia kwenye tanuri la matofali la baba yake, na hapakuwa na moto uliomshinda.

Ng'ambo ya ua wao aliishi Bi Mwasiti, mjane. Marehemu mumewe, Mzee Shemdoe, aliwahi kuwa mpishi wa hoteli, akarudi nyumbani na ufundi wa kupika piza. Alijenga tanuri la udongo uani, na kila Jumamosi alichoma piza ya kile kilichopatikana: msimu wa uyoga aliweka uyoga, msimu wa mapeasi aliweka mapeasi. Majirani walimcheka, matunda juu ya mkate! Kisha walikula, wakaomba nyingine.

Alipofariki, mvua ililipasua tanuri na hakuna aliyeliziba. Bi Mwasiti aliendelea kupika chakula cha watu wawili kwa mazoea. Alidonoa kidogo, kilichobaki akawamwagia kuku. Kuku wakanenepa, mwenyewe akakonda.

Mwanawe, Mbwana, alimpigia simu kutoka Tanga. "Mama, chumba changu hapo nyumbani ni kitupu. Tafuta mtu mmoja wa kukaa naye. La sivyo Jumapili nakuja kukuchukua, na nyumba tunaipangisha."

Bi Mwasiti hakutaka kwenda Tanga. Kaburi la mumewe lilikuwa pale pale shambani, na yeye ndiye aliyelipalilia. Lakini mtu wa kukaa naye pia hakumtaka.

Habari zilifika bombani kabla hajamaliza kukunja uso. Wale watatu walikuja, mmoja mmoja, kila mtu akijifanya amepita tu. Aliwapa jibu lile lile: "Atakayenifanya nimalize chakula sahanini, huyo atahamia. Siwezi kukaa na mtu anakula, mimi namtazama."

Mwajabu alileta mkate laini. Bi Mwasiti alimega pembe, akaufunika. Sefrida alileta uyoga wa kukaanga. Bi Mwasiti aliuonja, akausifu, akauacha. Nambua alileta kuni, akamkokea moto. Bi Mwasiti aliota moto, akashukuru, akaenda kulala na njaa yake.

Ikafika Jumamosi. Watatu hao waligongana langoni na kutazamana kama wateja waliokuja dukani kununua khanga iliyobaki moja.

"Tukiendelea hivi," Nambua alisema, "kesho anachukuliwa, na sisi tunabaki tulivyo."

Basi wakafanya kazi pamoja. Mwajabu alikanda unga, akatia hamira, lakini kwa baridi ile donge lilikaa vile vile. Akavua blanketi alilojifunga, akaliviringishia bakuli, akalipakata na kukaa nalo. Unga ukaumuka, yeye anatetemeka.

Sefrida alipanda mlimani kwenye ukungu kutafuta uyoga ulioota baada ya mvua za kwanza. Alipitia kwa huyu nyanya, kwa yule vitunguu majani, kwa mwingine mapeasi yaliyotangulia kuiva, akaomba na kipande cha jibini kwa watawa. Njiani aliteleza, akachubuka goti. Kikapu hakikumwagika.

Nambua alikanyaga udongo na majivu, akaziba nyufa za tanuri. Aliwasha moto mdogo kwanza udongo usipasuke tena, kisha akatia kuni za miwati, zenye moto mkali. Macho yalimwiva kwa moshi. Alirusha unga kidogo ndani. Ukaungua papo hapo, akasema bado. Alirusha tena, ukageuka rangi taratibu, akasema, "Leteni."

Piza ikawekwa mbele ya Bi Mwasiti. Alikuwa ameogopa kwamba ingefanana na ya mumewe. Haikufanana, ya Mzee Shemdoe ilikuwa nyembamba na daima iliungua upande mmoja. Alimega kipande, akamega kingine. Alishangaa kwamba ana njaa, na akaona haya kuwa nayo. Alikula mpaka sahani ikabaki mafuta tu. Kisha akalia mbele yao bila kujificha, kwa sababu alikuwa ameshiba na Shemdoe hayupo.

Alipojifuta akauliza, "Sasa ni nani aliyenilisha?"

"Bi Mwasiti, ni unga," alisema Mwajabu. "Uyoga mtupu si ulishaletewa ukauacha?"

"Na mkate mtupu je? Aliumaliza?" Sefrida akamjibu.

"Bila moto," alisema Nambua, "angeletewa donge bichi lenye mapeasi juu."

Wakacheka wote wanne. Halafu kicheko kikaisha, maana chumba ni kimoja.

Namwona mmoja pale nyuma anataka kusema wahamie wote. Chumba kinaingia kitanda kimoja, na Mbwana amesema mtu mmoja. Wala usiniambie wapokezane, kwani mtu wa kuhama kila mwezi hana kwake.

Jioni ikaingia. Watatu walirudi vyumbani kwao kungoja, na Bi Mwasiti alizisikia sufuria zao, kila moja ikipika chakula cha mtu mmoja. Sauti hiyo aliijua vizuri. Kesho Mbwana anafika, na jina lazima litajwe leo. Ametoka, amesimama uani. Vyumba vyao vimepakana, ukuta kwa ukuta: atakayeitwa ataitika, na wawili watakaobaki watasikia.

Haya, sasa semeni. Ungekuwa wewe umesimama pale, ungeita jina la nani?