Mtoto wa Digidigi Amelala Wapi?

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliolala njaa. Paukwa!

Pakawa!

Sasa ndiyo. Lakini kabla sijaanza, mmoja wenu atazame juu ya paa. Hakuna ndege? Tazama vizuri, wewe. Hakuna wa kijivu, mwenye mkia mwekundu? Haya, tuendelee. Baadaye mtajua kwa nini nimeuliza.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa majirani wa kuazimana chumvi, palikuwa na bonde linaitwa Tulizana. Kila mnyama alikuwa na kwake. Fuko chini ya ardhi, Kasuku juu ya mti, Kobe ndani ya gamba lake. Na kwenye nyasi ndefu aliishi Digidigi.

Digidigi mnamjua. Miguu vijiti, macho makubwa, moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa. Mama huyu alikuwa ametoka kujifungua. Mtoto mmoja, mdogo, wa kutosha kwenye ungo. Na digidigi akizaa ana desturi yake. Humlaza mtoto nyasini, mahali anapopajua yeye peke yake. Kisha huenda zake mbali akachuma majani, kama mtu asiye na mtoto. Baadaye anarudi taratibu, anamnyonyesha, anaondoka. Baba hajui mtoto yuko wapi. Shangazi hajui. Bibi mzaa mama hajui, wala haulizi. Ndivyo walivyobaki duniani, maana meno ya kung'ata hawana, na pembe zao ni za kuchekesha tu.

Basi siku moja Ngiri akamwoza binti yake. Pakawa na harusi! Wanyama wote wakavaa njuga miguuni, wakacheza uwanjani karibu na kijito. Chaka-chaka! Chaka-chaka! Nyegere akaleta zawadi, kibuyu kikubwa cha asali, akakiweka chini kwenye majani, akaingia kucheza. Kiboko naye akacheza. Akacheza, akacheza, akachoka. Akatafuta pa kukaa. Akakaa. Puu!

Ngoma ilipokwisha, Nyegere akaenda kuchukua kibuyu chake. Hakioni.

"Asali yangu!" akalia. "Jamani, asali yangu!"

Wakatafuta huku. Wakatafuta kule. Hakuna. Wewe unayecheka huko nyuma, nyamaza, wenzako hawajafika.

Kiboko akakunja uso. Hakuinuka. Akasema kwa sauti nzito, "Tumeingiliwa! Bonde letu lina mwizi! Nami naapa mbele yenu, sitainuka hapa mpaka mwizi apatikane!"

Wanyama wakapiga makofi mpaka kwato zikauma. Lo! Kiongozi wa namna hii tulikuwa tumemweka wapi? Palepale wakamfanya Mkuu wa Usalama. Wakawa wanamletea majani alipokaa, na kummwagia maji mgongoni ili asikauke. Nyuki wakaanza kumzunguka nyuma. Siafu wakaja kwa safu. Kiboko akasema, "Mnaona? Hata wadudu wananiheshimu."

Amri ya kwanza ikatoka: hakuna kuvua njuga. "Mwizi hutembea kimya," alisema Kiboko. "Kila mmoja akisikika, mwizi hana pa kupita." Basi bonde zima likawa harusi isiyokwisha. Mnyama akila, chaka-chaka. Akijikuna, chaka-chaka. Akienda kichakani kujisaidia, bonde zima linajua amekwenda, na linajua amechukua muda gani.

Amri ya pili: hakuna kujificha. Fuko akatolewa shimoni, akawekwa juani, macho kayafumba, machozi yanamtoka. Kinyonga akaambiwa achague rangi moja aishi nayo. Akachagua kijani, halafu akajikuta amesimama kwenye udongo mwekundu, akaona aibu, akalia. Kobe akaitwa.

"Kobe, vua gamba tuone ndani," alisema Kiboko.

"Shikamoo, mzee. Gamba halivuliki."

"Marahaba. Ndivyo wanavyosema wote wenye kitu cha kuficha."

"Mzee, gamba ni mimi mwenyewe."

"Basi jivue."

Kobe akaingiza kichwa ndani, akakataa kukitoa. Wakaandamana mbele ya gamba lake siku nzima.

Amri ya tatu ndiyo mbaya. Kila nyumba iwekwe kasuku mmoja. Kasuku anaona, kasuku anasikia. Kila asubuhi makasuku wote wanapanda kwenye mkuyu mrefu na kutangaza waliyoyaona, ili kila mtu awe salama. Ehe! Asubuhi ya kwanza tu:

"Ngiri amekoroma! Bi Ngiri amesema mkwe wao ana masikio kama nyungo! Nyegere amemlilia mama yake!"

Mkwe alikuwepo. Alisimama pale na masikio yake, hajui ayapeleke wapi.

Wanyama waliona haya, lakini walivumilia. "Kama huna la kuficha, waogopa nini?" waliulizana, na kila aliyeuliza alikuwa anaogopa.

Sasa ng'ambo ya kilima aliishi Chui. Zamani Chui alikuwa akihangaika. Ananusa, anavizia, anashinda njaa, anarudi nyumbani amekonda. Siku hizi hanusi. Anakaa kilimani asubuhi, amekunja mkono, anasikiliza. "Kanga analala chini ya mkwaju!" watatangaza makasuku. Chui anasema, "Asanteni." Kanga akapotea. "Kima ameumia mguu, hawezi kupanda!" Kima akapotea. Na kila alipopotea mmoja, Kiboko alisema, "Mnaona hali ilivyo mbaya? Ongezeni njuga!"

Wakaongeza.

Ndipo Kasuku, mkubwa wa makasuku wote, akashuka kwa Digidigi.

"Hodi, Mama Digidigi."

"Karibu."

"Hongera ya mtoto."

"Asante."

"Yuko wapi?"

"Amelala."

"Amelala wapi?"

"Anapolala."

Kasuku akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. "Mama, ni kwa usalama wake. Mtoto asiyejulikana alipo, tutamlindaje? Au una kitu cha kuficha?"

"Ninacho," alisema Digidigi. "Nina mtoto."

Kasuku akaruka mpaka kwa Kiboko. Habari zikaenea haraka kuliko moto wa nyasi. Digidigi amekiri! Ana kitu cha kuficha! Basi asali iko kwake! Kesho yake alipokwenda kijitoni kunywa, akakuta Nyati amesimama njiani.

"Asiyesema hanywi," alisema Nyati. "Nimeagizwa tu, mama. Usinichukie."

Siku ile Digidigi hakunywa. Kesho yake pia hakunywa. Maziwa yakapungua, kisha yakakauka. Mtoto alinyonya, akavuta, akamtazama mama yake. Hakulia, maana watoto wa digidigi hawalii. Na kule kutolia ndiko kulikomkata mama yake maini.

Bi Ngiri akamfuata. "Shoga, sema tu yaishe. Sisi sote tumesema. Mimi wamejua hata ninavyoota. Nimekufa?"

Digidigi akamtazama Bi Ngiri, ambaye hakuwa amelala vizuri tangu harusi ya binti yake. Akamwita Kasuku.

"Nikikwambia, utamwambia nani?"

"Mimi? Hakuna. Naapa kwa mkia wangu. Itabaki kwa wakubwa, kwa usalama tu."

Akamnong'oneza. Nyati akampisha njia. Digidigi akashuka kijitoni, akainama, akanywa fundo la kwanza.

Pale pale, juu ya mkuyu: "Tangazo! Mtoto wa Digidigi yuko kwenye nyasi ndefu, kulia kwa kichuguu chekundu! Yuko peke yake! Hajui kukimbia!"

Akainua kichwa. Kule kilimani, Chui alikuwa ameshasimama. Anajinyoosha. Anashuka bila haraka, kama mtu anayekwenda sokoni na kikapu chake.

Digidigi akatoka mbio kwenda kwa mwanawe. Chaka-chaka! Akasimama. Chui naye akasimama, sikio limegeuka. Digidigi akainua mguu mmoja. Chaka! Sikio la Chui likacheza.

Ee Mungu wangu. Akienda kwa mtoto, anamsindikiza Chui mwenyewe. Asipokwenda, Chui ameshaelekezwa, tena kwa sauti ya juu. Halafu akaitazama miguu yake na zile njuga, na akapata hasira ambayo hakuwahi kuijua. Akazipiga chini kwa makusudi.

Chaka-chaka! Chaka-chaka! Chaka-chaka!

"We Chui!" aliita. "Huna haya, unafuata kitoto cha mifupa? Nyama iko huku!"

Chui akafikiri. Kweli, mama ana nyama. Mtoto hataondoka, hata kusimama hajui. Mama kwanza. Akageuza njia.

Digidigi akakimbia. Chaka-chaka! Chui nyuma. Digidigi akakata kulia, Chui akakata kulia. Akakata kushoto, Chui naye kushoto. Vijiti vile vinne havikugusa ardhi. Akakimbia mpaka uwanjani, mbele ya wanyama wote waliokusanyika, moja kwa moja hadi kwa Mkuu wa Usalama. Akaruka. Hoo! Akapita juu ya mgongo wa Kiboko.

Kiboko akafumbua macho, akamwona Chui hewani anamjia usoni. Kiapo akakisahau. Akainuka.

Nyaaaak!

Ulikuwa mlio wa kitu kinachobanduka. Wanyama wote wakageuka. Na nyuma ya Kiboko, kwenye makalio yake mapana, paliganda nusu ya kibuyu, inachuruzika asali, nyuki juu, siafu chini.

"KIBUYU CHANGU!" alipiga kelele Nyegere.

Na Nyegere akikasirika, mnajua, haangalii mbele. Akarukia kibuyu. Lakini Chui alikuwa amepitiliza juu ya Kiboko, akaangukia katikati ya Nyegere na kibuyu. Nyegere hakumwona Chui. Alimng'ata kama mtu anayesukuma mlango. Nyuki nao walikuwa wameshtuliwa kwenye chakula chao, wakatafuta wa kumlaumu, wakamkuta Chui mdomo wazi. Chui alilia kwa sauti ambayo si ya chui. Akapanda kilima, akashuka ng'ambo, akaendelea. Mpaka leo akisikia njuga, hugeuza njia.

Asali ikadondoka, to, to, to.

Kiboko akakohoa. "Naam," alisema. "Mnaona? Ulinzi wetu umefanya kazi. Mali imepatikana!"

Ngiri akaanza kupiga makofi. Wawili watatu wakamfuata. Kobe akatoa kichwa nje kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya gamba. "Na mwizi ni nani?" aliuliza.

"Hilo," alisema Kiboko, "tutaunda kamati."

Digidigi akasogea mbele. Kila hatua njuga zikalia.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba."

"Fuko mlimtoa shimoni. Kobe mlimwambia ajivue. Mimi mmeninyima maji mpaka nikamtaja mwanangu, naye Chui akaambiwa kabla sijamaliza kunywa. Wewe, mzee, nani alikwambia uinuke tutazame ulipokaa?"

Hakuna aliyewahi kuwaza hivyo, na kila mmoja aliona uchungu kwamba hakuwaza. Makofi yakafa. Bi Ngiri akaanza kulia.

Digidigi akainama, akakata kamba za njuga kwa meno yake madogo, akaziweka mbele ya Kiboko. "Vaa wewe," alisema. "Wewe ndiye tunayetaka kumsikia anapokwenda."

Kobe akavua zake. Fuko akavua, akaingia shimoni kinyumenyume bila kuaga. Kinyonga akavua, akageuka wa rangi zote kwa furaha. Zikawa chungu kubwa uwanjani. Kisha wakasikia kitu kinanong'ona pembeni, wakashangaa. Kumbe kijito. Walikuwa wamesahau kwamba kina sauti.

Digidigi akaenda kwa mwanawe polepole. Alimkuta pale pale, kulia kwa kichuguu chekundu, ametulia, anangoja. Akamnyonyesha. Akamramba masikio. Akamhamisha.

Akiwa njiani anarudi, Kasuku akatua mbele yake. "Pole, Mama Digidigi. Umemhamishia wapi? Kwa usalama tu."

"Amelala," alisema Digidigi.

"Amelala wapi?"

"Anapolala."

Na akapita zake.

Msiniulize mimi alimlaza wapi. Sijui. Na ningejua, wenzangu, nisingewaambia, ingawa nawapenda.

Haya, funzo lake ni hili. Kuwa na siri si kuwa na hatia. Wako wanaoishi kwa sababu tu hawajulikani walipo. Na mtu akikutaka umwonyeshe vyako vyote ili akulinde, mwombe kwa heshima kwanza yeye ainuke, uone amekalia nini.

Hadithi yangu imefika hapa, imekaa, haiinuki tena. Na wewe uliye karibu na mlango, kabla hatujalala, hebu tazama tena juu ya paa.