Mzigo Usiokung'utwa

Juu kabisa mlimani, mahali ambapo ukungu huamka kabla ya watu, mama mmoja aliwaachia watoto wake wawili konde la majani ya ng'ombe. Binti aliitwa Subilaga, ndiye mkubwa. Kijana aliitwa Gwakisa. Hawakugombana. Walivuta kamba ya mpaka toka chini hadi juu, kila mmoja akachukua upande wake na ng'ombe mmoja.

Mama alikuwa na kawaida yake. Majani ya chini, karibu na zizi, aliyatia samadi na kuyakata mapema. Ya juu aliyaacha mpaka maua yakauke, ndipo akayafyeka. Na kabla mzigo wa juu haujaingia zizini, aliushusha pale pale kondeni, akaufungua, akaukung'uta mara tatu, akaufunga tena. Hakueleza kwa nini, na watoto hawakuuliza.

Gwakisa aliachia shule darasa la tano, na alikuwa akisema kuwa shule ndiyo iliyopata hasara. Nguvu alikuwa nazo, mdomo alikuwa nao zaidi. Ng'ombe wake alimwita Bibi Harusi. Alinunua mbolea ya dukani, akaimwaga konde zima, juu na chini, akawa anafyeka kila majani yanapofika magotini, bila kusubiri ua lolote. Na tusimwonee: majani yalikuja. Yalikuja mazito, ya aina moja, yamesimama kama askari wa gwaride. Alipofunga mzigo wa tatu, dada yake alikuwa hajamaliza wa pili.

Basi akawa anasimama mpakani, mikono kiunoni.

"Dada Subi, hayo maua unampelekea ng'ombe au mchumba?"

"Ng'ombe. Mchumba hali majani."

"Na huko kukung'uta? Vumbi limekukosea nini hata ulichape?"

Wapita njia walicheka. Subilaga naye alicheka, akakung'uta mara ya tatu, akajitwisha, akaenda zake.

Mwaka wa kwanza maua madogo yalipungua upande wa Gwakisa. Mwaka wa tatu hayakuwapo. Hakuona yalipoondoka, kwa sababu hakuwahi kuona kwamba yalikuwapo. Mwaka wa nne aliuza hata majani makavu ya akiba yaliyokuwa darini. "Majani yangu yanaota kama ndevu zangu," alisema. "Nani huweka akiba ya ndevu?"

Mvua za mwaka wa tano zilikuja na viwavijeshi. Wadudu hao hupenda nyasi, na kwa Gwakisa walikuta karamu ya chakula kimoja, tayari imeandaliwa. Siku tatu tu, konde likabaki udongo na vishina. Kwa Subilaga nao walipita, hawakuwa na upendeleo, nyasi zake wakazila. Lakini mimea ya majani matatu matatu, na ile ya maua ya njano, na ile inayotambaa kama mharagwe, hawakuigusa. Ng'ombe wake alikula. Na dari yake ilikuwa imejaa.

Bibi Harusi alikuwa na mimba ya miezi minane. Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili alilia. Siku ya nne akanyamaza, na hapo Gwakisa, ambaye hakuwahi kuogopa kitu, akaogopa. Akavuka mpaka. Njiani alikuwa ametayarisha maneno, hata utani mmoja. Alipofika mlangoni akasema hodi tu. Dada yake alimshushia toka darini mzigo mkubwa wa majani makavu ya juu, ambao ulikuwa bado haujakung'utwa, akamtwisha, akasema:

"Kwanza kondeni kwako, mdogo wangu. Zizini baadaye."

Gwakisa akasimama katikati ya konde lake tupu. Kule zizini ng'ombe alinusa majani, akaanza kulia upya. Wapita njia wale wale walisimama kutazama. Akaufungua mzigo. Alikung'uta mara ya kwanza, akaona vumbi. Mara ya pili akainama, akatazama vizuri, na halikuwa vumbi. Zilikuwa mbegu, ndogo kama ugoro, nyingi kuliko maneno yote aliyowahi kusema. Mara ya tatu akakung'uta polepole, kama mtu anayemwomba mama yake radhi. Kisha akafunga, akakimbia kumlisha Bibi Harusi.

Ndama alizaliwa mwembamba, lakini alisimama. Gwakisa bado anatia mbolea upande wa chini, na bado anajisifu, maana mbolea haikuwa kosa, na nguvu hazikuwa kosa. Ila upande wa juu siku hizi anausubiri.

Nanyi mnaonisikiliza, mnaozisifu nyumba zenu kwa kimo cha walio warefu na kuwasahau walio wadogo: mwaka huu mmemfyeka nani kabla hajaangusha mbegu yake?