Konzi ya Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hapana. Mpo tisa hapa mnapukuchua mahindi, na mimi nimesikia wanane. Mwanakheri kanuna, kisa kagombana na wifi yake. Paukwa tena!

Pakawa!

Bado wanane. Haya, mwacheni. Nitaanza hivyo hivyo, ila hadithi hii inamhusu.

Hapo zamani za kale, kusini mwa nchi ya Wasomali, palikuwa na mto wenye maji mekundu. Kando yake palikuwa na mji wa wanyama wakulima, ukiitwa Topeni. Mto ukipanda, wanangoja. Mto ukishuka, unaacha tope, nao wanaingia kupanda mtama. Chubwi, chubwi, wanaimba na kupanda.

Na walikuwa na desturi yao. Bi Fuko alichimba shimo refu, wakalitandika makapi. Kila mkazi akatia konzi moja ya mbegu. Mzee Kobe akataja majina, kila mmoja akaitika, "Nipo." Kisha wakaliziba kwa udongo. Ndiyo akiba ya mwaka wa shida. Sharti lake lilikuwa hili: shimo halifunguliwi mpaka wote waliotia wawepo, asije mmoja akadhulumiwa haki yake.

Mwaka ninaousimulia alitia Bi Fuko. Akatia mumewe. Wakatia Kanga, Digidigi na Kobe. Akatia na Nungunungu, jirani mcheshi, mwepesi wa kusaidia.

Akaja Korongo, ndege mweupe kutoka ng'ambo ya bahari.

"Shamba hili la nani?"

"Letu."

"Lina hati?"

"Hati ndiyo nini?"

"Basi ni langu."

Akaupa mji jina la babu yake, refu mpaka ulimi unachoka. Akataka migomba iliyopangwa mistari, na mifereji iliyonyooka. Nani atachimba? Wenye mji. Nani atawasimamia? Akamchagua Nungunungu, kwa sababu ana miiba. Akamvika kofia.

Kofia ile, jamani! Nungunungu aliyekuwa akiimba nao topeni, sasa anasimama juu ya mfereji, miiba yake migongoni mwao. "Chimba!" Chwa! "Chimba!" Chwa! Siku hiyo Bwana Fuko alikuwa na homa. Akasema, "Nungunungu, jirani yangu, niache nipumzike kidogo." Chwa! "Siku hizi naitwa nyapara." Chwa! Bwana Fuko akalala mferejini, hakuinuka tena. Bi Fuko alimzika kwa mikono yake mwenyewe.

Miaka ikapita. Msiniulize fuko anaishi miaka mingapi, hii ni ngano. Korongo akaruka, akaenda zake. Bendera ikapandishwa, ngoma zikapigwa, tu-tu-tu. Akaja Simba.

"Shamba hili la nani?"

"Letu."

"Vizuri. Ni la wote. Basi nitawatunzia."

Akang'oa migomba, akapanda miwa. Ufunguo wa lango la maji akauvaa shingoni. Wenye mji wakakata miwa kutwa, sukari wakaisikia harufu tu.

Simba naye akaanguka. Wakaja Fisi na bunduki. Hao hata hawakuuliza shamba la nani. Waling'oa pampu, wakang'oa mabati, wakang'oa milango. Walilitafuta na shimo, lakini Mzee Kobe alijilaza juu yake, wakamdhania jiwe. Wenye mji wakatawanyika. Wakaishi mahemani ng'ambo ya mpaka, wakipanga foleni ya unga. Topeni ikabaki tupu.

Siku moja habari ikafika mahemani: Fisi wameondoka, mto umepanda na kushuka, tope limerudi. Waliobaki wakarudi, wachache, wamekonda. Tope lilikuwa laini, ila jua lilikuwa kali, na siku ya tatu likaanza kupasuka. Mbegu hawana. Wasipopanda siku hiyo watarudi mahemani, na safari hii hawatatoka. Wakaenda penye shimo.

Mzee Kobe akasema, "Sharti mnalijua. Kanga!"

Kanga alifia mahemani. Kisha akajitokeza binti yake, aliyezaliwa huko huko.

"Mama hayupo," akasema. "Ila nimekuja kwa miguu aliyonipa yeye. Yupo."

Kobe akafikiri. Akafikiri sana. Akaitikia kwa kichwa.

"Digidigi!"

"Yupo," akasema mjukuu wake.

"Bwana Fuko!"

Bi Fuko akasogea mbele. "Yupo."

"Nungunungu!"

Kimya. Nungunungu alifia njiani wakati wa vita, hana mke, hana mtoto. Tope likapasuka, ta!

"Mruke," akasema binti wa Kanga.

"Konzi yake imo humu," akasema Kobe. "Imechanganyika na zenu. Nani ataichambua punje kwa punje?"

Wote wakamtazama Bi Fuko, kisha wakaona haya, wakatazama chini.

"Namchukia," akasema Bi Fuko. "Sauti ya miiba yake naisikia mpaka leo. Sijamsamehe, na leo pia simsamehe."

Tope likapasuka, ta!

"Lakini siku ile alitia konzi yake. Nilimwona. Alitia iliyojaa."

Akalia Bi Fuko, akalia mbele yao wote bila kujificha. Halafu akasema, "Yupo."

Wakalifungua shimo. Mtama wa juu ulikuwa umeoza, wa chini mzima. Wakapanda siku ile ile, chubwi, chubwi, na mtama ukaota. Walipovuna, wakatandika shimo upya. Bi Fuko akatia konzi yake. Akatia ya mumewe. Akasimama kidogo, akatia ya tatu. Hakusema ni ya nani, na hakuna aliyemuuliza.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo. Wanaotaka kuujenga tena mji wao wawahesabu wote waliokuwa wakazi wake, hata yule aliyewaumiza. Wasipofanya hivyo, watakufa njaa wamekaa juu ya mbegu zao.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ila sijamaliza hesabu yangu. Mwanakheri!

Mwanakheri akaendelea kupukuchua.

"Yupo," akasema wifi yake, huku anamsogezea ungo.

"Nipo," akasema Mwanakheri.

Haya. Sasa ni tisa.