Jina la Mjukuu wa Bi Zuwena

Hapo zamani, zamani hii ya juzi ambayo hata kuku wangu anaikumbuka, Bi Zuwena alikutwa na saratani ya titi. Akaweka nadhiri: mjukuu wake wa kwanza wa kike atapewa jina la mtu aliyemponya.

Daktari Sikudhani akamkata, akatoa uvimbe wote alioweza kuuona. "Bado dripu ya dawa ya saratani," akasema. "Mara sita."

Dripu ya kwanza ilimtapisha siku nne, ikamnyoa kichwa bila wembe. "Sirudi," akasema Bi Zuwena.

Hapo Mwanahawa, mtakwimu wa hospitali, akamchorea mstari wa wagonjwa wanaobaki wazima mwaka hadi mwaka. Mstari ukashuka, ukashuka, ulipofika mwaka wa tano ukalala chali.

"Wanaofika hapa wakiwa wazima, ugonjwa huwa hauwarudii. Kati ya kumi kama wewe, kisu peke yake kinaponya wanne. Kisu na dripu, sita."

"Mimi ni yupi?"

"Hesabu inajua wangapi, bibi. Haijui nani."

Bi Zuwena akakubali. Lakini kukubali ni kazi ya mdomo, miguu ina mambo yake. Kila asubuhi ya dripu aliruka ua wa nyuma, na kila mara wifi yake, Kibibi, alimdaka kanga, akambeba mgongoni hadi wodini huku akitukanwa njia nzima.

Miaka saba ikapita, ugonjwa haukurudi. Mjukuu akazaliwa, wa kike. Siku ya saba, wembe u juu ya nywele za mtoto, jina linangojwa, na wanawake watatu wamekaa jamvi moja.

"Huenda ulipona siku ile ile niliyokukata," akasema Daktari. "Baada ya hapo ukatapika bure."

"Au bila dripu ungekuwa umezikwa," akasema Mwanahawa. "Na bila mstari wangu usingeirudia."

Kibibi akacheka kwa pua. "Mstari ulimbeba? Wifi, ulinitukana matusi ambayo hata sokoni sijayasikia. Jina ni langu."

Bi Zuwena akamgeukia Mwanahawa. "Sasa je, unajua kama nilikuwa kati ya wale wanne wa kisu peke yake?"

"Sijui. Wala hatajua mtu."

Mnyoaji akakohoa. Mtoto akaanza kulia.

Haya, nyie mnaonitazama kana kwamba nadhiri niliiweka mimi: mtoto aitwe nani?