Nakijwa na Komeo la Bwawa

"Kisa kiko mlangoni, wajukuu zangu. Nikifungulie?"

"Kifungulie, bibi!"

"Kimetoka mbali, kina matope miguuni. Kiingie hivyo hivyo?"

"Kiingie!"

Haya, kimeingia. Endeleeni kupukuchua mahindi. Mikono ifanye kazi yake, na masikio yafanye yake.

Zamani hizo, zamani babu wa babu yangu hajaota hata jino moja, huku kwetu milimani palikuwa na vyama viwili vikubwa. Chama cha wachimba mifereji, mkuu wao Mchome. Na chama cha wahunzi, mkuu wao Kalage. Wachimbaji walijua udongo, wahunzi walijua chuma. Mwaka mmoja jua likawaka, likawaka, mpaka ng'ombe wakalamba mawe. Ndipo vyama vile vikakaa pamoja, vikapatana: tujenge bwawa kule juu, maji ya masika tuyazuie, kiangazi tuyashushe kwa watu. Wachimbaji walete udongo na migongo yao, wahunzi walete majembe na chuma cha mlango. Na maji yasiwe ya wachimbaji, wala yasiwe ya wahunzi. Yawe ya wote, hata ya mjane asiye na mtu, hata ya mgeni aliyefika jana.

Jambo jema, au si jambo jema?

"Jema, bibi!"

Jema kabisa. Lakini ngojeni.

Mlango wa bwawa ulikuwa ubao mnene, umebanwa kwa vitu viwili: gogo la wachimbaji na komeo la chuma la wahunzi. Wakaapa mbele ya watu wote. Siku ya kufungua, wachimbaji waondoe gogo lao, wahunzi wachomoe komeo lao, pande zote mbili zikiwapo. Atakayegusa cha mwenzake amevunja mapatano, na milima hii aihame. Mnaona walivyowaza? Walimwaza mwizi wa maji. Maji yenyewe hawakuyawaza.

Wakatafuta mlinzi asiye wa chama hiki wala chama kile. Wakamchagua Nakijwa, mfinyanzi wa vyungu, mjane wa kijiji cha Bondeni, chini kabisa ya bwawa. Wakamwambia, "Kazi yako ni kuona na kusema. Kuamua tutaamua sisi."

Nakijwa akakubali. Miaka mitatu maji yakashuka, watu wakala maharage na viazi hata jua likiwaka. Mwaka wa nne, siku ya kufungua, wahunzi wakachelewa mpaka jua likasimama utosini. Mchome akaona amedharauliwa, akasema neno. Kalage akajibu neno. Tangu siku hiyo wakuu wale wawili hawakusalimiana tena, na vyama vyao vikawafuata.

Basi masika ya mwaka wa tano yakaja na mvua ambayo haikujua kupumzika. Kila asubuhi Nakijwa alipanda kutazama bwawa. Siku moja akaona, chini ya ukuta, upande wa nje, maji yanachuruzika. Akayakinga kiganjani. Meupe. "Ukuta wa udongo hutoka jasho," akajiambia, akashuka.

Kesho yake yalikuwa mengi zaidi. Meupe bado.

Siku ya tatu akakinga kiganja, na maji yalikuwa mekundu. Akayasugua kwa vidole, akasikia chenga za udongo. Nakijwa alikuwa mfinyanzi, wajukuu zangu, udongo ulikuwa maisha yake. Akajua maji haya hayapiti tu, yanabeba. Ukuta ulikuwa unaliwa kwa ndani.

Akapanda kwa Mchome, mvua inampiga.

"Hodi, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatetemeka?"

"Baba, ukuta unatoa maji mekundu. Tufungue mlango leo, bwawa lipungue."

Mchome akakuna kidevu. "Nimekusikia. Lakini nikiondoa gogo peke yangu, Kalage atasema nini? Atasema wachimbaji wameiba maji. Aje yeye kwanza."

"Baba, maji ni mekundu."

"Nimesikia, mwanangu. Mwambie aje."

Akashuka huku, akapanda kule, mpaka kwa wahunzi. Kalage alikuwa kwenye mvukuto, moto unanguruma.

"Ukuta ni kitu gani, Nakijwa? Ni chuma?"

"Ni udongo, baba."

"Na udongo ni kazi ya nani?"

"Ya wachimbaji."

"Basi. Komeo langu ni zima. Nikilichomoa leo, maji yakaisha, halafu ukuta ukaonekana mzima, kiangazi watu watamlilia nani? Mimi! Mchome akinitaka, aniite kwa kinywa chake, si kwa kinywa chako."

Akarudi ukutani. Tundu la maji yale, lililotosha kidole tu asubuhi, sasa lilitosha ngumi. Akapanda tena kwa Mchome. Akashuka, akapanda tena kwa Kalage. Majibu yakawa yale yale. Wakakubali jambo moja tu: baraza la vyama vyote likae baada ya siku tatu.

Siku tatu! Nyie mngengoja?

"Hapana, bibi!"

Ni rahisi kusema hapana mkiwa mmekaa na mahindi mapajani. Nakijwa alisimama peke yake kwenye tope, na hofu yake haikuwa moja. Akiacha, ukuta ukapasuka, Bondeni yote inazikwa. Akifungua, na kumbe ukuta ungesimama, atakuwa amemwaga maji ya kiangazi kizima, watu watalala njaa kwa sababu ya vidole vyake. Na labda wekundu ule ni wa mvua tu? Akachuma jani la mgomba, akalikinga juu ya tundu mvua isiingie, akatazama. Mekundu. Akafumba macho, akafumbua, akatazama tena. Mekundu.

Akashuka Bondeni mbio. "Chukueni watoto, pandeni mgongo wa kilima! Sasa hivi!"

"Nani ameamuru?" mzee mmoja akauliza.

"Hakuna aliyeamuru, babangu. Nawaomba."

Wengine wakapanda, wengine wakasita milangoni wakitazama mbingu. Nakijwa akamfuata wifi yake Namkunda, mwenye shamba la mtama lililokuwa chini tu ya mlango wa bwawa.

"Wifi, nataka mikono ya kuinua gogo."

Namkunda akamtazama. "Ukifungua mlango bwawa limejaa hivi, mtama wangu unaondoka."

"Unaondoka, wifi."

"Na wewe wanakufukuza."

"Wananifukuza."

Namkunda akakaza nguo kiunoni, akaita wanawake wengine watano. Wakapanda, miguu inateleza. Wakafika mlangoni. Wakaliinua gogo la wachimbaji, hee, hee, likatoka. Nakijwa akashika jiwe kwa mikono miwili, akalipiga komeo la wahunzi. Ndi! Halikusogea. Ndi! Halikusogea. Mikono ikamfa ganzi. Ndi! Likachomoka, ubao ukapaa kama jani, na maji yakatoka yakinguruma. Yakachukua mtama wa Namkunda wote. Yakachukua banda la Nakijwa na vyungu vyote vilivyokuwa vikikauka humo. Wanawake wale wakashikana mikono juu ya ukuta, wanausikia ukitetemeka chini ya nyayo, wasijue kama utasimama au utawameza.

Ukasimama. Kufikia jioni bwawa lilikuwa tope tupu.

Na kesho yake, wajukuu zangu, mvua ikakatika. Masika yakaisha kabisa! Jua likatoka, bwawa halina kitu. Oo, maneno! "Yule mwanamke ametumaliza." "Ukuta si huo umesimama?" Hata wale aliowapandisha kilimani walipishana naye njiani bila salamu. Nakijwa akafunga kifurushi chake, akakiweka karibu na mlango, akangoja baraza. Hakula. Kila mara akajiuliza: na kama nilikosea?

Siku ya baraza watu wakajaa kando ya bwawa, wachimbaji upande wao, wahunzi upande wao. Mchome akasimama. "Aligusa gogo letu." Kalage akasimama. "Akachomoa komeo letu." Mara ya kwanza kwa mwaka mzima wakuu wale walikubaliana, na walikubaliana juu ya kumfukuza Nakijwa.

"Sema neno lako," wakamwambia.

Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliona, nikasema. Nikarudi nikasema tena. Mapatano yenu yalinipa macho na mdomo, mikono hayakunipa. Sijui kama ukuta ungesimama. Nimekaa siku hizi nikijiuliza, na sijui. Shukeni mtazame, kisha mniambie."

Mchome, mzee wa udongo, akavua viatu vyake vya ngozi, akashuka kwenye tope la ndani. Akapapasa ukuta. Akakuta shimo, pengine lilichimbwa na nungunungu, maji yakalipanua. Akaingiza mkono mpaka kiwiko. Akaingiza mpaka bega. Uso wake ukabadilika.

"Kalage!" akaita. "Kalage, nenda upande wa nje!"

Alimwita kwa kinywa chake.

Kalage akazunguka, akapiga goti mbele ya tundu la nje, akaingiza mkono wake. Akanyoosha vidole. Na mle ndani ya ukuta, katikati kabisa, vidole vyake vikagusa vidole vya Mchome.

Hakuna aliyecheka. Watu wa Bondeni waliokuwa wamesimama chini wakatazama nyumba zao, kisha wakautazama ukuta, na mama mmoja akaketi chini ghafla, mtoto mgongoni.

Baraza likakaa mpaka mchana ukaisha. Wakayavunja mapatano ya zamani, wakafanya mengine. Mlinzi akiona hatari, afungue bila kungoja mtu, kisha asimame mbele ya wote aeleze kwa nini. Chama chochote kiweze kuondoa gogo au komeo la chama kingine siku ya shida. Na watu wa Bondeni, wanaokaa chini ya maji, wawe na kiti barazani, maana mwanzo hakuna aliyewauliza. Shamba la Namkunda likalimwa upya na vyama vyote viwili.

Kiangazi kile kilikuwa kigumu, siwafichi. Watu walikonda. Nakijwa alibaki mlinzi mpaka akazeeka, lakini wanasema kila masika yalipoingia hakuweza kukaa kitako. Alikuwa akipanda hata mara tano kwa siku, akikinga kiganja.

Basi wajukuu zangu, mkija kuwa wakubwa mkashirikiana na wenzenu kwa faida ya watu, msiape tu nani asiguse nini. Ulizaneni nani ataokoa siku mambo yatakapoharibika, mumpe na uwezo, na mumtake atoe maelezo. Na wale watakaoumia mkikosea, waketi nanyi tangu mwanzo.

Kisa changu nimekifikisha, kimenawa miguu, kimeketi. Asiyekielewa akiulize chenyewe, mimi nakwenda kuchochea moto.