Gauni Lisilo la Kukulia

Sogeeni niwape ngano, na mwenye moyo mwepesi akalale mapema.

Alikuwepo mama mmoja, Mize, na bintiye Mwanakombo, aliyekuwa taabani kitandani. Mtoto alitaka kitu kimoja tu: gauni la binti mfalme. Mize alikuwa na shuka, lakini sindano hana. Akaenda kulia kisimani, na zimwi la kisima likamwazima ya kwake.

"Kashone," likasema. "Maadamu gauni hilo linamtosha, mtoto wako hafi. Lakini ni hilo hilo moja, na sindano yangu nirudishie."

Mize akashona, akalichora maua kwa bizari na hina. Nguo zote za mtoto alizoea kuzishona kubwa, za kukulia, kama tufanyavyo sote. Hili akalibana kiunoni, akakata kilichozidi, kwani nani kaona nguo ya binti mfalme ikipwaya?

Mwanakombo akavaa, akainuka, akaomba wali.

Mwaka wa kwanza Mize alifumua pindo. Mwaka wa pili akafumua mbavuni. Mwaka wa tatu hapakubaki cha kufumua, na yeye aliyekuwa akimbembeleza mtoto ale, akaanza kumfichia sufuria.

"Mama, nina njaa."

"Lala, mwanangu."

Asubuhi moja mtoto akaja mbio, gauni limemkwama mabegani, uso wote kicheko.

"Mama, tazama. Nimekua."

Ngano yangu imekomea hapo. Anayetaka mwisho mwingine ashone wake, na aushone mkubwa.